Barghash bin Said: Sultani aliyeuletea mji maji

Jahazi zilizoitajirisha Zanzibar ndizo zilizoiletea kipindupindu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliutumia utajiri huo huo kuwapatia watu wa mji maji safi bila ya malipo. Maisha yake yanaonyesha lililowezekana wakati huo, na pia waliosahauliwa.

Kusini ya mji wa Nizwa, katika Oman ya ndani, kuna kijiji cha Firq. Waibadhi wanakijua kuwa ndiko alikozaliwa Jabir bin Zaid, mwanachuoni wa karne ya saba aliyesomesha Basra na ambaye madhehebu yao yanamhesabu kuwa imamu wao wa mwanzo. Kama vijiji vingine vya upande huo, Firq imeishi kwa mitende na kwa falaji, yaani mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi na kuyafikisha kwa watu na mashamba.

Falaji ina sheria zake. Mahali maji yanapochomoza juu ya ardhi ndipo yanapotekwa ya kunywa, na hapo halipishwi mtu, awe mwenyeji au mpita njia. Yakishapita hapo huenda msikitini, kisha kwenye mahali pa kuogea na kufulia. Mwisho kabisa ndipo yanapogawanywa mashambani kwa zamu za saa, na zamu hizo huuzwa, hununuliwa na kurithiwa. Kwa maneno mengine, shamba lina bei, lakini kiu haina bei.

Katika karne ya kumi na tisa, ukame, vita vya makabila na habari za karafuu ziliwatoa watu wengi katika vijiji vya Nizwa, Izki na Ibra na kuwapeleka Unguja, Pemba na mwambao wa Afrika Mashariki. Walifika katika mji tajiri kuliko wowote waliouacha nyuma yao. Hata hivyo, katika jambo moja mji huo ulikuwa nyuma ya kijiji cha jangwani: maji yake ya kunywa yalikuwa yanaua.

Mtu aliyekuja kulibadilisha hilo alikuwa mtoto wa Seyyid Said bin Sultan, na wengi waliomjua katika ujana wake hawakumtarajia kufanya jambo la namna hiyo.

Mtoto wa mfalme wa baharini

Barghash alizaliwa mwaka 1837, mama yake akiwa suria wa Kihabeshi. Baba yake alitawala Oman na Zanzibar kwa pamoja, na katika miaka hiyo aliyaelekeza makao yake zaidi Unguja. Alisimamia upandaji wa mikarafuu na kufunga mikataba ya biashara na Marekani, Uingereza na Ufaransa. Pembe za ndovu zilitoka Tabora na Ujiji, nguo zikatoka Massachusetts na Bombay, na watumwa wakatolewa bara kwa maelfu kila mwaka. Wengine waliuzwa ng'ambo na wengine wakabakishwa kufanya kazi katika mashamba ya visiwani.

Maradhi nayo yalifuata njia hizo hizo. Mwaka 1821 kipindupindu kilivuka bahari kutoka India na kuingia Maskati, kikaua watu wengi na kuendelea kusambaa katika Ghuba. Zanzibar iliguswa katika wimbi hilo la mwanzo, kisha ikapigwa tena mwishoni mwa miaka ya 1830, na kwa mara nyingine mwaka 1858 na 1859. Barghash alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu wakati wimbi hilo la tatu lilipopita.

Kabla ya hapo, Oktoba 1856, alikuwa pamoja na baba yake melini, njiani kutoka Oman, wakati Seyyid Said alipofariki dunia karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash aliirejesha maiti Unguja na akajaribu kuitwaa serikali kabla ya watu kutambua lililotokea. Hakufaulu. Ufalme wa Zanzibar ukaenda kwa ndugu yake Majid, na wa Oman kwa ndugu yao mwingine, Thuwaini.

Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 aliongoza uasi kwa msaada wa Waharthi, kabila lenye asili ya Ibra, na baadhi ya dada zake. Miongoni mwao alikuwamo Salme, ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Wanamaji wa Kiingereza waliingia upande wa Majid na uasi ukazimwa. Barghash akapelekwa uhamishoni India.

Uhamishoni Bombay

Alikaa Bombay hadi mwaka 1861. Kwa mwana wa mfalme mwenye kiburi ilikuwa adhabu, lakini pia ilikuwa shule. Bombay ilikuwa bandari kubwa kuliko zote katika Bahari ya Hindi, na ilikuwa imeteswa na kipindupindu kwa miaka mingi. Ni katika kipindi hicho hicho, mwaka 1860, ndipo mji huo ulipokamilisha kazi ya kuleta maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar lililotengenezwa nje ya mji. Ulikuwa mradi wa mwanzo wa aina yake katika miji mikubwa ya India.

Elimu ya Ulaya nayo ilikuwa inabadilika. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha mjini London kwamba wagonjwa wa kipindupindu wa mtaa mmoja walikuwa wakinywa maji ya pampu moja. Wengi hawakumsadiki. Kidudu chenyewe hakikutambuliwa na ulimwengu mpaka Robert Koch alipokichunguza Misri na India mwaka 1883 na 1884. Hata hivyo, wahandisi hawakungoja ushahidi wote ukamilike. Walianza kutenganisha maji ya kunywa na uchafu.

Barghash aliporejea Unguja aliishi kimya chini ya ndugu yake. Mwaka huo huo wa 1861 Waingereza walihukumu kwamba Oman na Zanzibar ziwe dola mbili, na Zanzibar iilipe Oman riale 40,000 kila mwaka. Ufalme wa Seyyid Said ukagawanyika. Familia, biashara na maradhi havikuujua mpaka huo.

Kipindupindu cha 1869

Mwaka 1865 kipindupindu kiliripuka Makka wakati wa Hija, kikafuata meli na reli hadi Misri, Ulaya na Marekani. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Constantinople, Istanbul ya leo, kujadili namna ya kujikinga. Mazungumzo yalihusu karantini na mahujaji, na wasiwasi mkubwa ulikuwa juu ya usalama wa Ulaya. Afrika Mashariki haikuwa na kiti mezani.

Wimbi hilo lilifika Zanzibar kuelekea mwisho wa mwaka 1869. Safari hii halikuja kwa bahari. Lilipita Uhabeshi, likaingia katika nchi ya Wamasai na kuteremka Pangani kwa njia za misafara. Aliyeifuatilia safari hiyo hatua kwa hatua alikuwa James Christie, daktari kutoka Scotland aliyekuwa akiishi Zanzibar na kuitibu nyumba ya Sultani. Aliwahoji wafanyabiashara, viongozi wa misafara na mabaharia, na mwaka 1876 alichapisha London kitabu juu ya milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki tangu 1821. Wataalamu wanakisoma hadi leo, kwa sababu kilionyesha waziwazi kwamba ramani ya biashara na ramani ya maradhi ni ramani moja.

Mjini Unguja vifo vilikuwa vya maelfu kwa maelfu. Havikugawanyika sawa. Wazungu wachache waliokuwepo karibu wote walisalimika, na Wahindi waliokuwa na visima vyao na kuyalinda maji yao walipata nafuu. Walioangamia zaidi walikuwa watumwa, wachukuzi na maskini waliosongamana katika vibanda, wakinywa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa karibu na vyoo. Ardhi ya mawe ya matumbawe hupitisha uchafu upesi, na kisima kikichafuka kinaweza kuumaliza mtaa mzima.

Kutoka Unguja na Kilwa, kipindupindu kiliendelea na misafara kuelekea bara, hadi Ujiji na Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watu ambao hawajapata kuiona bahari walikufa kwa maradhi yaliyosafirishwa na biashara ya baharini.

Majid alifariki dunia Oktoba 1870, miezi michache tu baada ya maafa hayo. Barghash, aliyekuwa na miaka 33, akakabidhiwa mji uliokuwa bado katika matanga.

Kimbunga na mkataba

Miaka yake ya mwanzo haikuwa na raha. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa cha Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja majahazi na meli za Sultani bandarini. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo iliyokuwa bustani kuu ya karafuu.

Mwaka uliofuata Uingereza ilimtaka apige marufuku biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, akieleza kwamba nchi haijainuka baada ya kimbunga. Aliyemshinikiza zaidi alikuwa balozi John Kirk, ambaye naye alikuwa daktari kwa taaluma. Baada ya kutishiwa kwamba manowari zitaizingira bandari, Sultani alitia saini tarehe 5 Juni 1873 na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa.

Haki ya historia inataka jambo hili lielezwe kama lilivyokuwa. Barghash hakuwa mkombozi wa watumwa kwa hiari yake. Hazina yake, kasri zake na mashamba ya jamaa zake vilijengwa kwa jasho la watu waliokamatwa bara. Biashara ya baharini ilipigwa marufuku, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali visiwani hadi mwaka 1897, miaka tisa baada ya kufa kwake. Kila jema alilolifanya halina budi kupimwa pamoja na ukweli huo.

Dunia nayo ilikuwa inasogea karibu. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kufika Zanzibar kwa ratiba mwaka 1872, na mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliunganisha Unguja na Aden. Safari iliyokuwa ikingoja pepo za msimu sasa ilihesabiwa kwa siku. Mgonjwa ambaye zamani angelikufa au kupona njiani, sasa angeweza kushuka bandarini akiwa bado na maradhi mwilini.

Mwaka 1875, Juni na Julai, Barghash alizuru Uingereza. London aliyoiona ilikuwa imekwisha kujengewa mitaro mikubwa ya chini ya ardhi ya kuondoa maji machafu, na mwaka huo huo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria pana ya afya ya umma. Alirejea kupitia Ufaransa na Misri. Baada ya safari hiyo alianzisha Zanzibar kiwanda cha kupiga chapa. Kilichapisha vitabu vya Kiibadhi, vikiwemo vya wanachuoni wa Oman ambavyo kabla ya hapo vilinakiliwa kwa mkono tu, na hivyo kwa mara ya kwanza elimu ya madhehebu ya Jabir bin Zaid wa Firq ilitoka Zanzibar ikiwa imechapwa.

Maji ya Chemchem

Kazi iliyowagusa watu wengi zaidi haikuwa kasri wala kiwanda cha chapa. Kaskazini mwa mji, upande wa Bububu, kuna chemchemi ambazo maji yake ni safi na hayakauki. Barghash aliamuru yajengewe mfereji wa kuyaleta mjini, na gharama zake zikatoka katika mfuko wake. Maji hayo yakajulikana kuwa ni maji ya Chemchem.

Wakaazi wa mji waliyapata bila ya malipo. Mwanamke aliyekuwa akiteka maji ya kisima chenye chumvi na uchafu sasa aliweza kujaza mtungi wake kwa maji yaliyotoka mbali na vyoo vya mji. Mchukuzi, baharia na ombaomba walikunywa maji yale yale anayokunywa tajiri wa Shangani. Meli zilizotia nanga nazo zilihitaji maji safi, na bandari yenye maji mazuri ni bandari yenye biashara.

Mtu aliyetoka Firq au Nizwa hakuhitaji kuelezwa mantiki ya jambo hilo. Ilikuwa kanuni ya falaji: kiu kwanza, na kiu hailipishwi. Kilichokuwa kigeni ni nyenzo. Mali ilitokana na karafuu, pembe na ushuru wa bandari, na mfano wa kuleta maji mjini kutoka mbali ulikuwa umeonekana Bombay. Kwa ufupi, mtandao ule ule wa dunia ulioleta kipindupindu ndio uliowezesha pia kinga yake.

Katika miaka hiyo Barghash alijenga pia hamamu ya Hamamni, mahali pa kuogea pa umma, kwa usanifu wa Kiajemi. Mwaka 1883 alikamilisha Beit al-Ajaib, kasri lililowashangaza watu kwa ukubwa wake na baadaye kwa taa zake za umeme. Wageni waliandika sana juu ya kasri hilo. Ni wachache walioandika juu ya mfereji wa maji, labda kwa sababu maji safi hayaonekani: mtoto ambaye hakufa hajengewi mnara.

Matajiri nao walianza kufuata njia hiyo. Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyewahi kukodi forodha ya Sultani, alijitolea kujenga hospitali, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887. Hakuishi kuiona ikikamilika. Jengo hilo linasimama hadi leo.

Nani hakuyapata

Mji wa mawe ulipata maji, lakini mji haukuwa nchi. Ng'ambo ya hori walikaa watumwa walioachwa huru, wavuvi, vibarua na wageni kutoka bara, katika nyumba za udongo na makuti. Mtaa huo uliendelea kwa miaka mingi kuwa nyuma ya Mji Mkongwe kwa maji, mitaro na barabara. Mashambani, waliochuma karafuu waliendelea kunywa maji ya visima na mito. Pemba, iliyobeba sehemu kubwa ya zao lililolipia fahari ya mji, haikupata mfereji kama huo.

Mgawanyo huo haukuwa wa Zanzibar peke yake. Katika ulimwengu mzima wa biashara wa wakati ule, maji safi yalifika kwanza bandarini na katika mitaa ya wenye mali, na yakachelewa, au hayakufika kabisa, kwa wale waliozalisha mali yenyewe.

Kulikuwa na udhaifu wa pili. Maji ya Chemchem yalitegemea mfuko wa mtu mmoja, na mfuko huo ulitegemea ushuru wa forodha na himaya ya bara. Mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi za jirani akikusanya mikataba na machifu. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Barghash na kumlazimisha akubali. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikaa na kumpimia mamlaka yake: visiwa, na ukanda wa pwani wa upana wa maili kumi. Mwaka 1887 alikodisha sehemu ya kaskazini ya mwambao huo kwa kampuni ya Kiingereza.

Sultani aliyezoea kuamini kwamba urafiki na Uingereza ungemlinda aligundua kwamba katika meza ya mataifa makubwa nafasi yake haikuwa kubwa kuliko ile ya Afrika Mashariki kule Constantinople mwaka 1866.

Safari ya mwisho

Wakati huo afya yake mwenyewe ilikuwa imeharibika. Maradhi ya muda mrefu yalikuwa yamemdhoofisha, na waganga wa mji hawakuwa na dawa. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alipanda meli kwenda Oman, ambako ndugu yake Turki bin Said alikuwa Sultani, kutafuta nafuu katika chemchemi za maji ya moto zilizo karibu na Maskati.

Ilikuwa safari ya kinyume na ile ya wahamiaji. Wao waliacha mitende na falaji kufuata utajiri wa Zanzibar. Yeye, aliyekuwa na utajiri wote huo, alirudi katika nchi ya baba zake kutafuta maji ya kumponya. Hayakumponya. Alirejea Unguja akiwa taabani na akafariki dunia mwishoni mwa Machi 1888, muda mfupi baada ya kuwasili. Alikuwa na umri wa miaka 51 hivi. Turki naye alifariki miezi michache baadaye.

Miaka miwili baada ya kifo cha Barghash, Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 hazina ikaondolewa mikononi mwa Sultani na kuwekwa chini ya maofisa wa Kiingereza, na Sultani akapangiwa posho. Tangu hapo hakuna mtawala wa Zanzibar aliyeweza kuamua peke yake kwamba mapato ya mwaka huu yajenge mfereji.

Urithi wa pande mbili za bahari

Kipindupindu hakikuondoka katika historia ya visiwa hivyo. Kilirejea mwaka 1978, kikianzia katika kijiji cha wavuvi, kama sehemu ya wimbi la saba la dunia, na kimeripuka mara nyingi tangu wakati huo, hasa katika miezi ya mvua na katika mitaa iliyosongamana pembezoni mwa mji. Mwaka 2009 chanjo ya kunywa ilitolewa katika baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba na ilisaidia kupunguza maradhi. Lakini chanjo nayo hutengenezwa mbali na hugawiwa kwa zamu. Oktoba 2022, mahitaji ya dunia yalipozidi kiasi kilichopo, mashirika ya kimataifa yaliamua watu wapewe dozi moja badala ya mbili.

Upande wa pili wa bahari mambo yalikwenda njia nyingine. Hadi mwaka 1970 Oman ilikuwa na hospitali chache mno, na zilizojulikana zaidi zilikuwa za wamisionari wa Kimarekani Maskati na Matrah. Mtu wa Firq aliyeugua alikuwa na safari ndefu mbele yake. Mafuta, yaliyoanza kuuzwa nje mwaka 1967, yalileta fedha, na serikali ya Sultan Qaboos ilizielekeza kwa wingi katika zahanati, chanjo na maji ya vijijini. Miongoni mwa waliozifanya kazi hizo walikuwamo wasomi wazungumzao Kiswahili, wenye asili ya Oman, waliorudi kutoka Zanzibar na Afrika Mashariki baada ya mapinduzi ya 1964. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000 iliiweka Oman katika nafasi ya nane kati ya nchi 191 kwa utendaji wa mfumo wake wa afya.

Haikuwa miujiza, wala si hoja kwamba watu wa upande mmoja ni bora kuliko wa upande mwingine. Oman ilikuwa na mali iliyotoka ardhini mwake na mamlaka ya kuamua itumike vipi. Zanzibar ya Barghash ilikuwa na vyote viwili kwa miaka michache, ikajenga mfereji, kisha ikanyang'anywa cha pili na baadaye kupungukiwa na cha kwanza.

Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Disemba 2020, na habari zake zilienea duniani kote. Maji ya upande wa Bububu hayajawahi kupata habari ya namna hiyo. Hata hivyo, wazee wa Unguja wakilitaja jina la Seyyid Barghash, wengi wao bado huanza na maji kabla ya kufika kwenye kasri. Katika mji ambao watu wake walikufa kwa daraja zao, aliwahi kutokea mtawala mmoja, mwenye makosa mengi, aliyeleta maji ya kunywa ambayo angalau ndani ya mji hayakumuuliza mtu daraja lake.